Watu wa Tisini na Tisa

Shirika la umma nililokuwa nikifanyia kazi Dar es Salaam liliuzwa, na mwenye mali mpya akaja na mashine zake na watu wake. Sisi wa chumba cha kompyuta tulipewa barua Ijumaa asubuhi; kufika saa tisa alasiri tulikuwa tumeshafungasha. Nilirudi nyumbani Sumbawanga nikiwa na miaka thelathini na moja, sina mume, sina mtoto, nina ujuzi ambao mjini kwetu hakuna aliyejua unatumika wapi. Baridi ya Juni ilinipokea stendi. Nilikuwa nimeisahau.

Miezi ya kwanza nililima na wazazi wangu. Kisha mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Majengo, mwenye duka na malori mawili, akaagiza kompyuta zilizokwishatumika kutoka ng'ambo. Siku hizo kila aliyeweza kuagiza kitu alikuwa anaagiza: mitumba, redio, baiskeli. Yeye aliona kompyuta. Akaniweka chumba cha mbele nichape barua za watu, na huko ndiko alikonikuta daktari mkuu wa hospitali moja ya misheni. Alileta barua, printa ikakwama, nikaifungua na kuirudisha huku amesimama ananitazama mikono.

"Dada, hizi mashine unazijua na ndani, au karatasi tu?"

"Kazi yangu ilikuwa kuandika programu, daktari."

Barua yake aliisahau pale pale.

Hospitali ilikuwa na programu moja tu. Iliandikwa na daktari wa kigeni aliyesimamia kliniki ya kifua kikuu kwa miaka kadhaa, kisha akarudi kwao. Wagonjwa wa kifua kikuu wakati ule walitumia dawa miezi minane. Mwezi wa pili au wa tatu mtu anapata nafuu, kikohozi kinakwisha, anarudi shambani, na haoni tena sababu ya kutembea siku nzima kufuata vidonge. Akiacha, ugonjwa unamrudia, na anawaambukiza wa nyumbani kwake. Kwa hiyo kila Jumatatu programu ile ilipitia kumbukumbu za wagonjwa wote na kuchapa orodha ya waliopaswa kuja kuchukua dawa, kliniki au kwenye zahanati za vijijini, na hawakuja. Orodha alipewa mhudumu wa afya mwenye pikipiki, naye akaenda kuwatafuta kijiji kwa kijiji.

Tatizo lilikuwa muda. Programu ilichukua saa nne kumaliza, na umeme wa mjini ulikuwa wa kubahatisha. Ukikatika katikati, kazi inaanza upya. Kuna Jumatatu ambayo orodha ilitoka Jumatano, na kuna wiki haikutoka kabisa.

"Isafishe," daktari mkuu aliniambia. "Ifanye vile vile inavyofanya, ila haraka."

Nilipewa chumba kidogo nyuma ya kliniki, meza moja, kompyuta moja. Jirani yangu alikuwa muuguzi aliyeiendesha kliniki tangu zamani, mtu mzima wa Kifipa, mrefu, mwenye sauti ya chini, ambaye hospitali nzima ilimwita Mama. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akavuta kiti.

"Yule daktari aliyeiandika alikuwa anakaa hapo ulipo," alisema. "Ananiuliza, ninamjibu, anaandika. Ukikwama, niulize."

Sikukwama, au nilidhani sikukwama. Nilipoifungua programu ile nilicheka peke yangu. Kipande kimoja cha maelekezo kilikuwa kimenakiliwa mara kumi na moja, kila zahanati na nakala yake, badala ya kuandikwa mara moja na kutumika kote. Majina ya vitu yalikuwa ya lugha yao. Hakuna hata mstari mmoja uliomweleza msomaji kwa nini jambo limefanywa hivi na si vile. Nilikuwa nimenyimwa kazi hii kwa mwaka mzima, na niliirukia kama mtu mwenye njaa. Nakala kumi na moja nikazifanya moja. Penye mzunguko nikanyoosha. Programu ikapungua hadi theluthi ya urefu wake, na kila mstari niliofuta ulinipa raha.

Katikati ya vurugu ile nilikutana na namba tisini na tisa. Kila kijiji kilikuwa na namba yake katika orodha ya vijiji, na orodha iliishia sitini na kitu. Lakini kulikuwa na wagonjwa waliowekewa kijiji namba tisini na tisa, kijiji kisichokuwepo, na kipande kirefu cha programu kilikuwa kinawashughulikia wao tu. Hapo sikujiuliza mara mbili. Katika shirika letu la zamani, tisini na tisa ilikuwa namba ya wachapaji wasiojua waandike nini. Ilikuwa takataka, na kazi yetu ya kwanza kila mwezi ilikuwa kuifagia. Nikafuta kile kipande chote. Nikaongeza sharti jipya: mgonjwa ambaye namba ya kijiji chake haimo katika orodha ya vijiji, mruke.

Wiki hiyo Mama alikuwa ameondoka likizo, amekwenda Namanyere kumuuguza dada yake. Hata angekuwepo, nisingemuuliza. Huo ndio ukweli.

Jumatatu ya kwanza orodha ilitoka kwa dakika kumi na mbili. Daktari mkuu alisimama nyuma yangu na saa yake ya mkononi, hakuamini. Na orodha yenyewe ilikuwa fupi kuliko zamani. Akaishika juu kama mtu anayewaonyesha watu samaki mkubwa. "Mnaona? Wanaokosa dawa wamepungua." Mhudumu wa pikipiki alifurahi kuliko sote, maana safari za kushuka bonde la Rukwa zilikuwa zimemchosha. "Dada umetuokoa," akaniambia. Nilikwenda nyumbani nikiimba.

Jumatatu ya nne Mama alikuwa amerudi. Alichukua orodha mikononi mwa mhudumu wa pikipiki kabla hajaondoka, akaisoma, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna mengine upande wa pili. Kisha akaja chumbani kwangu na kufunga mlango.

"Mwanangu, hii orodha haina mfugaji hata mmoja."

"Labda siku hizi wanakuja wenyewe, Mama."

"Hawaji. Dawa zote naandika mimi, hata za zahanati, na daftari la dawa nimelipitia asubuhi. Hawajaja." Akaniwekea karatasi mezani. "Wasukuma wetu wa bondeni wako wapi?"

Nilitaka kusema sijui. Lakini nilishaanza kujua. 

"Mama, wale waliandikwa kijiji gani?"

"Hawana kijiji. Leo wako huku, mwezi ujao wamehama na ng'ombe. Yule daktari aliyeiandika akasema tuwape namba yao wenyewe, ili programu iwatafute mahali walipochukua dawa mara ya mwisho, siyo kijijini." Akanitazama. "Tisini na tisa."

Programu ya zamani nilikuwa nimeihifadhi kwenye diski mbili za flopi. Hilo peke yake ndilo nililofanya vizuri. Niliirudisha kwenye kompyuta, nikaianzisha, na umeme ukakatika ndani ya nusu saa. Nikaenda kwa daktari mkuu nikiwa sijajua nitaanzaje. Alikuwa anakunywa chai. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kila kitu, na namba yenyewe, na kwamba sikumuuliza mtu.

Hakupiga kelele. Alirudisha kikombe kwenye sahani.

"Wiki ngapi?"

"Nne."

Aliinuka akaamuru jenereta ya chumba cha upasuaji iwashwe, na waya uvutwe mpaka chumbani kwangu. Kwa saa nne nilikaa mbele ya kioo kile nikisikiliza jenereta. Kila ilipobadilisha sauti nilishika ukingo wa meza. Nilikuwa nimeiita programu ile takataka, na sasa nilikuwa naiomba isikwame. Mama alikaa kiti cha pili, mikono mapajani. Saa kumi kasoro printa ikaanza kulia. Tuliweka orodha mbili kando kwa kando, yangu na ya zamani. Ya zamani ilikuwa na watu kumi na mmoja zaidi.

Mhudumu wa pikipiki aliondoka saa ile ile. Kwa siku nne aliwapata tisa, wengine wamekosa dawa wiki moja, wengine tatu. Wawili walibaki. Mmoja alikuwa mwanaume aliyevuka mpaka wa Kasesya kwenda Zambia na kundi la ng'ombe wa kuuza. Wa pili alikuwa mwanamke mwenye mtoto mchanga, na mara ya mwisho alichukua dawa zahanati ya Milepa, chini bondeni.

"Nitakwenda na wewe," nilimwambia mhudumu.

"Dada, mvua hizi, mteremko ule? Baki."

"Nitakwenda."

Mtu wa uwanda wa juu wa Sumbawanga akishuka bonde la Rukwa anavua sweta njiani. Sisi hatukuwa na nafasi ya kuvua kitu. Barabara ilikuwa utelezi mtupu. Penye kona kali nilishuka na kutembea kwa miguu huku yeye akiiteremsha pikipiki kwa miguu yote miwili chini. Tulianguka mara moja, nikachubuka kiwiko. Zahanati ya Milepa walituambia boma la mwanamke yule lilihama baada ya mto kujaa, likaelekea upande wa ziwa. Tukafuata nyayo za ng'ombe kwenye matope. Kila boma tulilofika tuliambiwa mbele, mbele kidogo.

Tulilipata mchana. Mwanaume mmoja alikuwa anafunga uzio wa miiba. Mwenzangu akamsalimia kwa Kisukuma, "Mwadila," akaitikia, kisha akaona begi jeupe la dawa na uso ukambadilika.

"Leo ndiyo mnakuja," alisema.

Mkewe alikuwa amelala chini ya paa la nyasi, mtoto kifuani. Kabla sijamwona nilisikia kikohozi. Kilikuwa cha chini, kirefu, kile ambacho kliniki nilikuwa nimezoea kukisikia kupitia ukuta bila kukifikiria. Mhudumu alipiga magoti, akamuuliza maswali yake taratibu. Dawa ziliisha lini? Wiki ya tano sasa. Homa? Kila jioni. Damu? Mwanamke akageuza uso.

Mimi nilibaki nje na mume. Nilimuuliza kwa nini hawakurudi zahanati. Niliuliza kwa sauti ya mtu wa ofisini, na mpaka leo najionea aibu.

"Mto ulijaa," akasema. "Lakini sisi hatukuogopa. Mwaka jana kaka yangu alikosa dawa wiki moja tu, huyu wa pikipiki akamfuata mpaka machungani. Kwa hiyo tulingoja. Wiki ikapita, hamkuja. Ya pili, hamkuja. Nikamwambia mke wangu, wameona kwenye vitabu vyao umepona."

Nikakaa kwenye gogo la uzio.

"Hamkuandikiwa kupona," nikamwambia. "Nilipewa kazi ya kupanga upya yale majina. Niliwaondoa. Mimi."

"Ulituondoa kwa nini?"

"Niliona hamna kijiji. Nikadhani ni makosa ya kuandika."

Aliinua macho, kamba ya kufungia uzio bado mkononi. Nilingoja anitukane. Ningepumua vizuri zaidi kama angenitukana.

"Ungeuliza," akasema, akageuka kwenda kufunga ng'ombe kwenye mkokoteni.

Tulimlaza mkewe kwenye mkokoteni ule juu ya magunia, mtoto akabebwa na mama mkwe, tukarudi Milepa polepole, mume akiongoza ng'ombe kwa mluzi. Zahanati ilikuwa na redio ya upepo. Tuliita hospitali mara tatu bila jibu, mara ya nne Mama mwenyewe akaitikia, na Landrova ikatumwa. Ilichelewa kwa sababu ya matope. Mwanamke alikohoa, akalala, akakohoa. Mara moja alifumbua macho akanikuta ninamtazama, akaniuliza, "Wewe ni nesi?" Nikamwambia hapana. Akafumba macho tena.

Alianza upya kabisa: miezi miwili wodini, sindano kila siku, kana kwamba ile miezi mitano aliyokwishameza dawa haikuwahi kuwepo. Mtoto akapewa dawa ya kinga. Wiki ya kwanza hakuna aliyejua itakuwaje, na nilikuwa nikifika kazini napita kwanza dirisha la wodi kuona kama kitanda chake kina mtu. Wiki ya tatu nilimkuta amekaa juani anasuka nywele za mgonjwa mwenzake. Alimaliza dawa mwaka uliofuata, mtoto anatembea. Mumewe alinisalimia kila alipokuja, kwa adabu, na hakuzidisha neno. Yule aliyevuka Kasesya hatukumpata. Tulituma habari kwa madereva wa malori, tukatuma barua, hakuna jibu lililorudi.

Nilimpelekea daktari mkuu barua ya kuacha kazi. Aliisoma, akaikunja.

"Nikikuachia, nani atairekebisha? Programu ya saa nne bado ni ya saa nne. Wiki isipotoka orodha, watu wanapotea vile vile. Rudi ukakae na Mama."

Ndivyo nilivyojifunza kazi ambayo nilidhani naijua. Niliirudisha programu ya zamani ifanye kazi kama ilivyokuwa, nami nikaanza tena pembeni, safari hii kidogo kidogo. Nilikuwa nafungua kipande kimoja, namsomea Mama kwa Kiswahili cha kawaida: hapa inasema, kama mtu ni wa kijiji hiki na ni mwezi wa Machi, mpe wiki moja zaidi kabla hujamtafuta. Kwa nini? Naye anajibu, Machi kivuko chao hakipitiki, ukimtuma mtu wa pikipiki atasombwa. Nikaandika jibu lake pale pale juu ya mistari. Vingine hakujua, akaenda kuuliza zahanati, na mimi nikaviacha kama vilivyo mpaka jibu lirudi. Nikibadilisha kitu kimoja, tuliendesha programu zote mbili Jumatatu na kulinganisha orodha kwa rula, jina kwa jina. Daktari mkuu alichoka kungoja. Alipita mlangoni akauliza, "Bado?" Mama alimjibu bila kuinua kichwa, "Bado."

Jumatatu moja, mwezi wa tatu wa kazi ile, orodha hazikulingana. Ya kwangu ilikuwa na mtu mmoja zaidi.

Sikulala vizuri siku mbili. Nilitafuta kosa langu kila mahali, nikapitia upya kila nililobadilisha, hatua kwa hatua, na kosa halikuwa langu. Jina la mgonjwa yule lilianza na ng', na programu ya zamani ilikuwa inakichukulia kile kialama cha juu kama mwisho wa neno. Ilikuwa inalikata jina, inashindwa kulielewa, inaruka. Daktari wa kigeni hakuwa na majina kama hayo kwao. Ilikuwa imewaruka wote wenye ng' mwanzoni mwa jina tangu siku ya kwanza.

Mama hakutaka kuamini. Alikuwa amekaa na yule daktari jioni nyingi mno. Nilimwonyesha mara mbili, akaomba nimwonyeshe mara ya tatu, kisha akavua miwani.

Tulipitia majina yote ya namna hiyo. Wengi walikuwa wamemaliza dawa zao wenyewe bila kufuatwa na mtu. Mmoja, yule aliyezidi kwenye orodha yangu, alikuwa mzee wa kijiji kimoja upande wa mashariki wa uwanda. Daftari la dawa lilionyesha hakuonekana tangu kabla sijaajiriwa. Mama akasema hatumtumi wa pikipiki, tutakwenda sisi.

Tulimkuta mkewe anaanika maharage. Alituambia mzee alizikwa miezi minane iliyopita. Alitupatia viti, akatuletea maji, na alipojua tumetoka kliniki akauliza kwa Kifipa, akimwelekea Mama, kama mtu angekuja wakati ule, mumewe angepona?

"Sijui, dada yangu," Mama akasema. "Labda angepona. Tulipaswa kuja."

Yule mjane akaendelea kutawanya maharage kwa kiganja. Tulikaa naye mpaka upepo wa alasiri ulipoanza, tukamsaidia kuyaingiza ndani.

Jumatatu iliyofuata tuliizima programu ya zamani. Orodha ilitoka kwa robo saa hivi. Mhudumu wa pikipiki alinyoosha mkono, Mama akamwambia angoje. Alivaa miwani, akakaa, akaisoma kuanzia juu, kidole kikishuka jina moja baada ya jingine, nami nikiwa na daftari la dawa nikimjibu, mpaka karatasi ya mwisho.